Kurudisha Shafti ya Boti ya Jeti

Shafti ya pampu ya jeti ndiyo hupeleka nguvu yote ya injini kwenye impela. Boti hii haina propela nje: hunyonya maji chini ya tumbo lake na kuyatupa nyuma kwa kasi. William Hamilton wa New Zealand aliiendeleza miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kwao, yenye kina kifupi na changarawe tele. Changarawe hiyohiyo ndiyo huila impela na ringi inayoizunguka, hadi pampu ifunguliwe na kufanywa upya.

Kufungua ni kazi ya nguvu tu. Fundi hujulikana wakati wa kurudisha. Kwanza shafti hupanguswa, kisha hupapaswa kwa ukucha pale sili itakapokaa, kwa kuwa mkwaruzo mdogo tu huila sili mpya. Mfereji wa kabari hufunikwa kwa utepe laini ili kingo zake zisichane mpira wa sili. Ndipo shafti hupakwa grisi na kuingizwa kwa mkono, ikizungushwa polepole. Ikigoma, hutolewa ikatazamwa tena.

Beringi ndiyo yenye kuhitaji adabu zaidi. Inapovikwa kwenye shafti husukumwa kwa ringi ya ndani pekee. Anayegonga ya nje hupitisha kishindo kwenye gololi, zikaacha vishimo kwenye njia yake, na beringi mpya ikaanza kuunguruma kama kuukuu. Uharibifu huu hauonekani kwa nje, na ndiyo maana haraka hapa ni kosa lisilosameheka. Beringi ya msukumo hubeba pia sehemu kubwa ya nguvu inayoisogeza boti, maana impela ikitupa maji nyuma, yenyewe huisukuma shafti mbele.

Nafasi kati ya impela na ringi yake haifiki milimita moja. Hupimwa pande zote: upande mmoja ukizidi, shafti haikukaa katikati.

Kwenye pampu zenye pakingi ya kamba, nati hazikazwi hadi maji yakome kabisa. Matone machache ndiyo huipoza. Ikikauka huungua na kuikwangua shafti.

Injini hujaribiwa boti ikiwa majini. Maana katika pampu nyingi beringi ya nyuma ni ya mpira, na kilainishi chake ni maji peke yake.