Uzito au Mnato? Tafsiri ya Namba za Oili

Watafsiri wa vitabu vya ufundi wamezoea kuandika "uzito wa oili" pale mwandishi alipokusudia ugumu wake wa kutiririka. Asili ya mazoea hayo twaijua: uji uliokolea unga huitwa mzito. Sifa "nzito" haina kosa jikoni wala gereji. Bali jina "uzito" limekwisha kushikwa na fizikia, na oili yenyewe yatukanusha, kwani huelea juu ya maji ilhali maji ndiyo yatiririkayo upesi. Kwa hiyo twaliunga mkono neno "mnato", ijapokuwa wako wanaonung'unika kwamba lanukia gundi.

Tumepata kuona "10W-30" ikifasiriwa "uzito 10 hadi 30". Herufi W haihusu uzito hata kidogo. Ni ya kwanza katika neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Oili ya 10W hupimwa kama itaruhusu injini kuzungushwa katika nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri.

Lakini hatari zaidi ni namba iliyotengwa na mfumo wake. SAE, chama cha wahandisi cha Marekani kilichoanza kupanga madaraja haya mwaka 1911, hupima oili ya injini iliyo moto, katika nyuzi 100, na namba yake ni jina la daraja tu. Mfumo wa ISO wa mwaka 1975, wa oili za mitambo ya viwandani, hupima katika nyuzi 40, na namba yake ndiyo mnato wenyewe kwa sentistoki, ukizidi au kupungua asilimia 10.

Sasa mtafsiri aandikapo "tia oili namba 46" kwenye maelekezo ya mashine ya haidroliki, akaziacha herufi ISO VG, fundi asiyeipata dukani atachukua namba 40 ya injini, akidhani ni jirani yake. Kumbe katika nyuzi 40 hiyo ina sentistoki 150 hivi, zaidi ya mara tatu, na pampu ndiyo itakayoumia. Hata ndani ya SAE, oili ya gia namba 90 yakaribiana kwa mnato na 40 ya injini; vipimo vyao ni mbalimbali.

Twapendekeza "daraja la mnato", jina la mfumo likitangulia namba daima. "Kiwango cha mnato" twakikataa: neno "kiwango" lina kazi yake, nayo ni kutaja waraka wenyewe wa ISO unaoyaweka madaraja hayo.