Nani Aliyekosa? Hukumu na Mateso ya Watu wa Kawaida katika Riwaya za Kezilahabi

Utangulizi

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu hawakuuliza namna ya kumsaidia. Waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake (Yohana 9). Swali hilo halijazeeka. Mtoto akizaliwa na kasoro, binti wa mwalimu akipata mimba, kijana akikutwa amejinyonga, jambo la kwanza kutafutwa kijijini ni mkosaji. Wengine humtafuta kwa mganga. Wengine humtafuta katika kikao cha wazee wa usharika, na njia hii ya pili si lazima iwe ya Kikristo zaidi kwa sababu tu kikao hufunguliwa kwa sala.

Makala haya yanachunguza riwaya tatu za Euphrase Kezilahabi katika mwanga wa swali hilo: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Wahakiki wengi wamezieleza riwaya hizi kwa falsafa ya udhanaishi, na hawakukosea. Lakini msomaji wa kanisani anaweza kuona ndani yake jambo jingine. Tunapenda kuonyesha kwamba riwaya hizi zinatupa picha ya kweli ya mafundisho ambayo watu wetu waliyasikia, hata pale ambapo sisi tulidhani tunahubiri mengine. Walimsikia Mungu wa hukumu. Habari ya rehema haikuwafikia, au iliwafikia ikiwa imechoka.

Mwandishi na jamii yake

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisoma seminari ya Kikatoliki kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha. Alifariki mwaka 2020. Alikuwa pia mshairi, na alisababisha mabishano makali kwa kuandika mashairi yasiyofuata vina na mizani.

Wahusika wake hawatoki mbali. Ni mlevi aliyepata kuwa mwalimu, mama anayeitunza nyumba peke yake, msichana wa shule, kijana msomi aliyerudi likizo, mkulima mwenye tamaa ya mali. Mabadiliko yanawakuta: shule, mji, fedha, uhuru, Azimio la Arusha la mwaka 1967. Desturi za zamani zimelegea na mpya hazijashika mizizi. Tukio baya linapotokea, hakuna anayejua amwulize nani.

Rosa na fimbo ya baba

Riwaya ya Rosa Mistika ilipotoka ilizuiwa isisomwe shuleni, na hata leo wapo watumishi wanaoitaja kwa kunong'ona. Jina lake ni la heshima. Limetoka katika litania ya Bikira Maria wanayoisali Wakatoliki, na maana yake ni waridi la fumbo. Mwandishi amempa jina hilo msichana ambaye jamii itamwita malaya. Huo ndio mwanzo wa hoja yake.

Zakaria, baba yake Rosa, hunywa pombe na kuiacha familia mikononi mwa mkewe Regina. Binti anapoandikiwa barua na kijana, baba humpiga kikatili. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume, na watu wanaidhani hofu hiyo kuwa ni usafi wa moyo. Anapokwenda kusoma mbali na fimbo, hofu inaisha na hakuna kingine kilichojengwa mahali pake. Anaingia mikononi mwa wanaume wenye fedha na vyeo. Baadaye anapata mchumba, lakini mchumba huyo anamwacha kwa sababu si bikira. Rosa anajiua.

Msomaji wa haraka husema kwamba riwaya inafundisha matokeo ya uasherati. Somo hilo limo, lakini ni dogo. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mwandishi ametofautisha utii na malezi, tofauti ambayo sisi walimu wa Kipaimara huisahau mara nyingi. Rosa alikuwa mtii kupita wenzake wote. Sheria ilimzuia kwa nje, na ilipoondoka hakuwa na kitu. Mtume Paulo anajua habari hiyo anapoandika kwamba sheria huonyesha dhambi lakini haiwezi kuhuisha (Wagalatia 3). Wanafunzi wetu wa teolojia huiandika tofauti ya Sheria na Injili katika karatasi za mitihani. Hapa wanaiona ikitembea kwa miguu, ikiwa na umri wa msichana wa sekondari.

Mwishoni mwandishi anafanya jambo la ajabu. Anatuondoa Ukerewe na kutupeleka mbele ya kiti cha hukumu cha Mungu, ambako Rosa na Zakaria wanakutana tena. Baba na binti wanashindana juu ya nani hasa mwenye hatia. Wako wahakiki walioona sehemu hii kuwa kiraka katika riwaya ya uhalisia. Sisi tunaiona kuwa ni ya lazima, maana msichana huyu hakupata mahali pa kusema neno lake duniani. Hakuna aliyemwuliza. Hata hivyo, ni jambo la kusikitisha kwamba mbinguni nako shauri linaendeshwa kama la kijijini: nani alianza, nani alisababisha. Msomaji anayemjua yule ambaye Waraka wa Kwanza wa Yohana unamwita mwombezi wetu kwa Baba atahisi upungufu. Lakini kabla ya kumlaumu mwandishi, tujiulize ni wapi mtoto wa Namagondo, au wa usharika wetu, angeweza kujifunza kwamba kiti kile ni kiti cha rehema.

Mtoto mwenye kichwa kikubwa

Kichwamaji ni riwaya ngumu zaidi. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, anasimulia maisha yake mwenyewe. Dada yake, Rukia, amepewa mimba na Manase, msomi mwenye cheo, na anakufa. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase, lakini kisasi kinageuka kuwa ndoa. Nyumbani kwa Manase amezaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Mtoto wa Kazimoto na Sabina naye anakuja na kichwa cha namna hiyo hiyo. Kazimoto anajiua.

Hapa swali la wanafunzi wa Yesu linarudi kwa nguvu zote, na riwaya inaelekea kulijibu kwa kusema: wazazi wake. Kichwa cha mtoto kinakuwa alama ya dhambi ya baba, na pia alama ya elimu iliyojaa maji badala ya hekima. Kama sitiari, ni kali na inakumbukwa. Kama neno juu ya mtoto, ni la hatari. Tunajua leo kwamba ugonjwa wa kichwa kikubwa hutokana na maji kujikusanya ndani ya kichwa, na kwamba una visababishi vingi, vikiwamo kasoro za maumbile na maambukizi. Watoto hao hufanyiwa upasuaji wa kuyaondoa maji, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni mojawapo ya mahali wanapotibiwa. Lakini wengi hucheleweshwa, na aibu ni mojawapo ya mambo yanayowachelewesha. Mama anafichwa na mtoto. Ndugu wanataka kujua kwanza ni dhambi ya nani.

Kwa hiyo hatuwezi kuipokea sitiari ya Kezilahabi bila kuipinga. Yesu aliwajibu wanafunzi kwamba si huyu aliyekosa wala wazazi wake, kisha akatema mate, akafanya tope, akamponya. Mchungaji atakayetumia riwaya hii katika semina ya vijana aseme waziwazi kwamba mtoto si hukumu. Akishindwa kusema hivyo, atawaongezea wazazi mzigo ambao Bwana alikataa kuwatwika.

Pamoja na hayo, riwaya ina ukweli mmoja usiokwepeka. Kazimoto ana akili, ana kitabu, ana maneno ya kila falsafa, na hana mtu wa kumwungamia. Anamchunguza kila mtu na kujichunguza mwenyewe hadi mwisho, lakini uchunguzi hauwi toba, kwa sababu toba inahitaji sikio la kuipokea. Martin Luther alikataa kulazimisha maungamo, lakini hakuyafuta. Aliyathamini kwa sababu ndani yake mtu husikia neno la ondoleo kutoka kinywani mwa mwingine. Ni sharika ngapi leo ambamo msomi kijana angeweza kwenda kwa mchungaji wake siku ya Jumanne, bila kuogopa kwamba habari zake zitasikika Jumapili?

Mali, kijiji na bunduki

Katika Dunia Uwanja wa Fujo mateso yanatoka kwenye siasa na mali. Tumaini, ambaye jina lake lina kejeli iliyo wazi, anatapanya fedha, kisha anazipata tena na kuwa mkulima tajiri. Siasa ya Ujamaa inapoigusa mali yake anamwua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Ni vigumu kuisoma sehemu hiyo bila kukumbuka Krismasi ya mwaka 1971, siku ambayo Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima huko Isimani. Riwaya ilitoka mwaka 1975, Operesheni Vijiji ikiwa imepamba moto. Kufikia mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wakiishi vijijini.

Fadhila ya riwaya hii ni kwamba haimpi msomaji mtakatifu yeyote. Tumaini si shahidi wa uhuru. Ni mtu aliyeigeuza ardhi kuwa mungu wake. Aliyeuawa naye si shetani. Kila upande una neno la haki na kila upande umelitumia vibaya. Katika miaka ile makanisa yetu mengi yalichagua kuipongeza siasa au kunyamaza, na baadaye, mwelekeo ulipobadilika, baadhi yetu tukazoea kuilaani yote kwa pamoja. Riwaya inatuzuia tusifanye wepesi huo.

Upungufu wa sanaa

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja kasoro. Kezilahabi huwaua wahusika wake kwa haraka mno, na katika Rosa Mistika vifo vinafuatana mpaka msomaji anaanza kuvihesabu badala ya kuomboleza. Pili, wanawake wake, hata pale anapowatetea, mara nyingi wanatazamwa kwa macho ya wanaume. Regina anasifiwa kwa uvumilivu, lakini hatupewi nafasi ya kutosha kusikia anachofikiri. Tatu, msimulizi hupenda kuhubiri. Mwandishi aliyechoshwa na mahubiri ya wengine amejikuta mara kadhaa akipanda mimbarini.

Lakini kasoro hizi hazifuti kile anachokiweza kuliko wengi wetu. Katika hoja za Heidelberg za mwaka 1518, Luther alisema kwamba mwanateolojia wa utukufu huuita uovu wema na wema uovu, ila mwanateolojia wa msalaba hukiita kila kitu kwa jina lake. Kwa kipimo hicho, Kezilahabi amefanya nusu ya kazi. Amemwita mlevi mlevi, hata kama ni baba. Ameiita fimbo fimbo, hata kama inaitwa malezi. Nusu ya pili, yaani kutamka kwamba Mungu yumo katika mahali pale pa giza akiteswa pamoja na walioteswa, hakuifanya. Hiyo si kazi aliyoajiriwa kuifanya. Ni yetu.

Wajibu wa wachungaji

Katika riwaya mbili kati ya hizi tatu mhusika mkuu anajiua. Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Katika sharika zetu nyingi imekuwa desturi kumnyima ibada ya mazishi mtu aliyejiua, ili wengine waogope. Luther mwenyewe hakukubali kwamba kila anayejiua amepotea. Katika mazungumzo yake ya mezani alimfananisha mtu kama huyo na msafiri aliyeuawa na wanyang'anyi msituni. Ikiwa ndivyo, tunapoliacha jeneza bila neno tunamhukumu aliyevamiwa na kuwaacha wafiwa na swali lile lile: nani aliyekosa? Kanuni za nidhamu zina nafasi yake kwa walio hai, wanaoweza kurudi kundini. Kwa marehemu hazina la kurekebisha.

Vivyo hivyo kwa binti aliyepata mimba. Tunamtenga na Meza ya Bwana, na kwa kuwa tumbo linaonekana, shauri lake ni rahisi. Zakaria haonekani. Mwalimu wa chuo haonekani. Mchumba aliyedai ubikira asiokuwa nao yeye mwenyewe haonekani, na pengine anaimba kwaya.

Hitimisho

Tunapendekeza kwamba riwaya hizi zisomwe katika vyuo vyetu, hasa katika masomo ya uchungaji na maadili, pamoja na kitabu cha Ayubu na Injili ya Yohana sura ya 9. Zisisomwe kwa kutafuta mifano ya kutisha ya kuwekwa katika mahubiri. Mwanafunzi apewe kazi moja iliyo ngumu: aandike mahubiri ya mazishi ya Rosa, yatakayosomwa mbele ya mama wa marehemu, wazee wa usharika na yule mchumba, wote wakiwa wamekaa katika kanisa moja. Asimsingizie marehemu utakatifu, wala asimtumie kuwa onyo. Atakayeweza kuyaandika mahubiri hayo yuko tayari kupewa usharika.