Massey 135 Iliyokarabatiwa: Mpime Fundi kwa Alichokiacha

Kwenye mashamba ya viazi ya Kieni, kwenye ngano ya Timau na hata huko chini kwenye majaruba ya mpunga ya Mwea, bado kuna Massey Ferguson 135 zinazolima na kuvuta trela. Trekta hii ilianza kuundwa Banner Lane, Coventry, Uingereza, mwaka 1964, ikaendelea hadi 1975, na kiwanda chenyewe kilitoa trekta yake ya mwisho mwaka 2002. Maana yake ni kwamba kila 135 ya Kiingereza inayouzwa Nyeri, Karatina au Nanyuki leo imekwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa, na anayeinunua ananunua kazi ya mafundi hao kuliko kazi ya kiwanda. Wanunuzi wengi huikagua kazi hiyo kwa macho: boneti nyekundu inayong'aa, injini ya kijivu isiyo na tone la oili, matairi mapya. Dai langu ni kwamba mambo hayo yanaeleza machache mno. Ubora wa ukarabati uko katika upimaji: fundi alipima nini kabla ya kufungua mkoba wa spea, akabadilisha nini kwa sababu kipimo kilimlazimu, na akaacha nini kwa sababu bado kilikuwa kizima. Fundi wa kweli hujulikana kwa alichokiacha sawasawa na alichokibadilisha, na nchi yetu ya milima ina njia zake za kumjaribu.

Tuanze na injini, kwa sababu ndipo udanganyifu ulipo rahisi. Ndani ya 135 kuna Perkins ya dizeli yenye silinda 3 na ujazo wa lita 2.5, injini sahili inayosamehe makosa mengi, na huko kusamehe ndiko kunakowaharibu mafundi. Silinda iliyochakaa haichakai sawasawa. Huliwa zaidi sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na hupoteza uduara ikawa na umbo la yai. Ukiingiza ringi mpya humo bila kupima, injini itawaka vizuri, itapanda mlima kwa msimu mmoja, kisha itaanza kula oili, kwa kuwa ringi za duara haziwezi kuziba tundu lisilo la duara. Aliyepima atakuambia kila silinda ilisomaje, juu na chini, na kwa nini aliamua kuweka silivu mpya au kuziacha za zamani. Krenki shafti nayo ina ushahidi wake. Ikisagwa, husagwa kwa hatua zinazojulikana, inchi 0.010, kisha 0.020, kisha 0.030, na beringi zake hubeba namba hiyo mgongoni. Muulize fundi krenki iko hatua gani. Akijibu papo hapo na kukuonyesha karatasi ya waliosaga, una mtu aliyeijua injini yake. Akijibu kwamba ameweka kila kitu kipya, amejibu swali ambalo hukumuuliza.

Kuna watakaosema hapo hapo kwamba kuweka kila kitu kipya ndiyo salama zaidi, hasa siku hizi ambapo spea za Massey zimejaa Kirinyaga Road jijini Nairobi na bei zake zinavumilika. Hoja hii ina uzito. Trekta za ukoo huu ziliundwa kwa leseni India, Pakistan na Uturuki kwa miaka mingi, na vipuri vingi vinavyotoka huko ni vizuri kabisa. Lakini upya wa kipuri ni sifa ya duka. Gia mpya ikikamatana na gia ya zamani ambayo meno yake yamekwisha kulika, zote mbili hupiga kelele na kulana upya. Pistoni mpya isiyopimwa urefu inaweza kukaa juu au chini ya pale inapotakiwa, na uchomaji wa mafuta ukaharibika hata kama kila kilichomo kimetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Upande wa pili wapo wapenzi wa uasili, wasiotaka hata boliti isiyotoka Coventry. Hao pia nawapinga kwa kipimo kile kile. Pampu ya dizeli ya CAV iliyokuja na trekta ni fahari kuwa nayo, lakini ikiwa imechakaa hadi injini moto haitaki kuwaka, uasili wake haumsaidii mkulima wala haumheshimu aliyeibuni. Kipuri cha Uturuki chenye kipimo sahihi kina haki zaidi ya kuwemo kuliko cha Kiingereza kilichokwisha.

Sasa mwinuko. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya juu ya Timau yanapita mita 2,400. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani, lakini pampu ya dizeli haijui hilo. Hupeleka mafuta yale yale iliyopangiwa. Ndiyo sababu 135 iliyo nzima huku kwetu hutoa moshi mweusi kidogo inapokaza kuvuta, na mnunuzi anayeikataa kwa moshi huo peke yake amekosea. Moshi wa kuangalia kwa makini ni wa buluu, unaodumu hata injini ikiwa moto, kwa sababu hiyo ni oili inayoungua. Mweupe wa asubuhi yenye baridi, unaotoweka baada ya dakika chache, hauna neno. Usipotoweka, nozeli au mgandamizo una kasoro. Tazama pia bomba la kupumulia injini wakati trekta inavuta. Likitoa moshi kwa kufululiza, hewa inapenya pistoni, na hakuna rangi inayoweza kuficha hilo.

Mwinuko huo huo unagusa maji. Kwenye mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 93, kwa hiyo nafasi kati ya joto la kawaida la injini na kuchemka ni ndogo kuliko aliyeandika kitabu cha trekta alivyodhani. Mfuniko wa rejeta unaoshika shinikizo ni lazima huku, ilhali huonekana kama kitu kidogo hata ukabadilishwa na chochote kinachotosha mdomo. Kibaya zaidi ni desturi ya kuitoa thamostati kabisa. Utetezi wake unajulikana: bila hiyo, injini haichemki. Ni kweli kwamba injini itakaa baridi, lakini asubuhi ya Julai Kiganjo au Naro Moru ubaridi ndio unaoimaliza. Dizeli isiyoungua vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda, maji ya unyevu hujikusanya ndani ya oili, na silivu huisha mapema. Rejeta iliyoziba hutibiwa kwa kuzibuliwa. Ukifungua hausi ya thamostati ukakuta patupu, basi fundi aliyekuuzia ukarabati aliondoa dalili na kuuacha ugonjwa, na una sababu ya kushuku alivyofanya pengine.

Miteremko ya Othaya, Tetu na Mukurweini inahoji jambo jingine: kusimama. Breki za 135 ni za dramu, zimekaa mwisho wa ekseli ya nyuma, jirani kabisa na sili inayozuia oili ya ekseli isitoke. Sili hiyo ikichoka, oili huingia kwenye viatu vya breki, na trekta iliyokuwa ikisimama vizuri uwanjani hukataa kusimama ikiwa na trela ya majani chai nyuma yake. Kwa hiyo kagua ndani ya rimu ya gurudumu la nyuma, upande usioonekana, kama kuna michirizi ya oili iliyoshika vumbi. Kisha ijaribu breki moja moja kwenye ardhi tupu. Kama upande mmoja unashika na mwingine unateleza, viatu vipya peke yake havitatosha, sili kwanza. Baadhi ya 135 zina pia Multi-Power, ile gia ya kubadilisha mwendo bila kukanyaga klachi. Mfumo huo ukiwa upande wa chini, magurudumu hayazuiwi na injini wakati wa kuteremka, yaani trekta hujiachia. Huo ni muundo wake tangu kiwandani, na muuzaji anayeijua mashine yake atakuonya kabla hujauliza. Asiyekuonya ama haijui, ama anataka uijulie kwenye mteremko.

Kinachoifanya Massey kuwa Massey, hata hivyo, ni haidroliki. Harry Ferguson ndiye aliyeiunganisha trekta na plau kwa mikono mitatu, na TE20 yake, iliyoanza kuundwa Coventry mwaka 1946 na kufikia zaidi ya 500,000, ndiyo iliyoieneza fikra hiyo duniani. Siri yake ni kwamba plau inapokutana na udongo mgumu, mkono wa juu husukuma springi nene iliyo mgongoni mwa trekta, na springi hiyo huiambia haidroliki iinue plau kidogo. Shika springi hiyo kwa mkono, trekta ikiwa imezimwa na bila mzigo, uisukume mbele na nyuma. Isiwe na mchezo wowote. Ikicheza, plau itapanda na kushuka kwa kushtukiza, na mistari ya shamba itaonyesha aibu hiyo kwa kila apitaye barabarani. Halafu funga plau, inyanyue, uiache juu injini ikiwa inanguruma polepole. Mikono ikiwa inatikisika, inashuka kidogo na kupanda tena kila baada ya sekunde chache, mafuta yanavuja ndani, iwe kwenye pistoni ya kuinulia au kwenye vali. Haya hayaonekani trekta ikiwa imeegeshwa. Muuzaji mwaminifu atakupa plau na kipande cha ardhi. Kwangu mimi hilo ni sharti la biashara.

Pampu ya haidroliki imezama ndani ya oili ile ile ya gia, jambo linalotufikisha kwenye utunzaji. Chembe za chuma zinazotoka kwenye gia hufika kwenye pampu, kwa hiyo oili iliyochelewa kubadilishwa hugharimu mara mbili. Kieni, ambako vumbi la kiangazi huning'inia juu ya shamba mchana kutwa, kitu cha thamani kuliko vyote kwenye trekta ni mpira unaounganisha kichujio cha hewa na injini. Ufa mdogo chini ya klipu ya mpira huo huingiza vumbi moja kwa moja kwenye silinda na kuumaliza ukarabati wa gharama kubwa kwa msimu mmoja. Bakuli la oili la kichujio hicho nalo lifunguliwe mbele yako: matope mazito chini yake yanaeleza jinsi mwenye trekta anavyoishi nayo kuliko maneno yake. Vuta na kijiti cha kupimia oili ya injini, ukinuse. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka dizeli imeingiwa na dizeli kutoka kwenye pampu inayovuja ndani, na injini inayolainishwa kwa mchanganyiko huo inajisaga.

Na rangi? Sisemi haina kazi. Mvua za mlimani hula bati la madigadi bila huruma, na rangi iliyopigwa juu ya chuma kilichosafishwa vizuri ni kinga ya haki. Ninachosema ni kwamba rangi nayo isomwe kwa ushahidi wa kipimo. Ikiwa imepuliziwa juu ya vidomo vya grisi, juu ya mipira na juu ya kibati cha namba, basi ilipigwa bila kufungua kitu. Namba ya trekta kwenye kibati na namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku zilinganishwe na logbook. Injini iliyobadilishwa si dhambi, ila iandikwe.

Baada ya kuona yote hayo, kasoro zipimwe kwa uzito wake, kwa maana hakuna 135 isiyo na kasoro. Sili za ekseli, thamostati, mpira wa hewa na nozeli ni mambo ya kupunguziana bei. Haidroliki inayotikisika ni kazi ya siku kadhaa na fundi anayejua, kwa hiyo bei ishuke vya kutosha. Lakini angalia maungio ya injini na gia, na ya gia na ekseli. Trekta hii haina fremu. Bloku na hausi hizo ndizo uti wake wa mgongo, na boliti zikilegea kwa muda mrefu matundu hupanuka na chuma hupasuka. Ukikuta ufa umechomelewa hapo na kupakwa rangi ya kijivu, usijadili bei. Penginepo, omba gunia la vipuri vilivyotolewa. Fundi aliyepima huvihifadhi hadi mwenye trekta avione, na beringi moja ya zamani ukiigeuza itakuambia yale ambayo saa nzima ya maelezo haiwezi.