Deni la Mwas

Katika ukumbi mmoja wa Jericho, upande wa Eastlands jijini Nairobi, hatua chache kutoka Jogoo Road, nilikaa nyuma kabisa nikawatazama watazamaji badala ya filamu. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima juu ya meza, vijana wamejaa hadi mlangoni. Ilikuwa Nairobi Half Life, kazi ya David "Tosh" Gitonga ya mwaka 2012. Bastola zilipolia, walishangilia. Walinyamaza mahali pengine kabisa, na mahali hapo ndipo palipo na ufundi.

Anayeonya vijana kwa sinema kwa kawaida hushika hofu: damu, pingu, jeneza. Marekani walishaijaribu dawa hiyo. Scared Straight!, filamu ya 1978, ilionyesha vijana watukutu wakipelekwa gereza la Rahway, New Jersey, wafokewe na wafungwa wa maisha. Ikazoa Oscar. Watafiti walipokuja kupima programu za aina hiyo, wakakuta waliozipitia walivunja sheria zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa popote. Sishangai. Kijana wa Eastlands ameshachangia mazishi ya rika lake. Jeneza la kuigiza litamwambia nini?

Gitonga na waandishi wake walishika deni. Mwas (Joseph Wairimu) anauza filamu za mapigano kijijini huku akiziigiza mbele ya wateja. Anakuja Nairobi kusaka uigizaji, naye binamu yake, jambazi wa huko nyumbani, anambebesha vifaa vya elektroniki avifikishe dukani mjini. Siku hiyohiyo anaporwa kila kitu, anakamatwa, anatupwa seli. Humo anamkuta Oti (Olwenya Maina). Hakuna anayemhubiria Mwas uzuri wa wizi. Mji mzima umemgeuzia mgongo, na wa kwanza kumnyooshea mkono ni mwizi, basi.

Genge la Oti linang'oa vipuri vya magari. Kisha binamu anatokea tena, anadai mali yake, na malipo anayotaka ni gari zima. Sasa ni Mwas mwenyewe, yule mshamba wa juzi, anayewashawishi wenzake waachane na vipuri waibe magari. Hapo ndipo ukumbi ulipotulia. Mbele yangu kijana mwenye ovaroli la gereji alimwinamia mwenzake: "Huyo ashafungwa." Pingu zilikuwa bado hazijaonekana.

Kila hatua ya Mwas ina sababu ambayo mtazamaji angeikubali, ndiyo maana hapati nafasi ya kusema mimi nisingefanya hivyo. Linganisha na Kibera Kid ya Nathan Collett, 2006, dakika 12 tu: mtoto yatima anayeishi na wezi anatakiwa achague. Kwa darasa inafaa sana, ila njia panda yake inaonekana toka mbali. Ya Mwas huioni mpaka umeshaipita. Lugha nayo inasaidia: Sheng, Kiswahili na Kikuyu vinapokezana kama kwenye matatu, wala hakuna sauti ya mwalimu juu ya picha. Polisi waliomo si kimbilio. Wanakula na genge, na siku ya kumwaga damu ikifika ni wao wanaoimwaga.

Nina malalamiko mawili. Kwanza, Oti anavutia mno. Wakati wa kutoka niliona wavulana watatu wakiigiza mwendo wake, na hakuna aliyemwigiza Mwas. Pili, mlango anaopitia Mwas ni kipaji: anapata nafasi katika mchezo wa kundi la maigizo la Phoenix Players. Aliyezaliwa bila kipaji cha jukwaa atokee wapi? Hilo filamu hailigusi.

Kwa hiyo, kwa mwalimu au kiongozi wa kikundi anayeitumia, ushauri wangu ni wa rimoti. Usingoje mwisho ndipo uanze mazungumzo. Simamisha binamu anapotaja gari, washa taa, uwaulize waliokaa: Mwas anadaiwa nini hasa, na nani mtaani kwao angeweza kumlipia kabla ya kesho?