Kushona Mtepe wa Sentimita 75

Mafundi wengi wa mifano midogo ya vyombo katika mwambao wetu huanza na jahazi, na wana sababu nzuri. Jahazi bado lipo. Ukitaka kujua foromali inavyofungwa, unashuka bandarini Lamu ukatazama. Tena kiwiliwili chake kinaweza kuchongwa kutoka kipande kimoja cha mti, kikakombwa ndani, kikachorwa mistari ya mbao na kupakwa mafuta, mnunuzi asitambue kwamba hakuna ubao hata mmoja ulioungwa. Mtepe, chombo cha kale cha kushona, haukubali njia hiyo. Umbo lake, nguvu zake na tabia yake baharini vilitokana na kamba iliyounganisha mbao. Ukiondoa mshono, kinachobaki ni sanamu ya mtepe.

Vyombo vya kushona ni vya kale sana kwetu. Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, kinavitaja katika mji wa Rhapta kwenye pwani hii. Mwaka 1498 wenzake Vasco da Gama waliviona Msumbiji na kuandika kwamba havikuwa na misumari na kwamba matanga yake yalikuwa ya mkeka. Mtepe ndio uliodumu hadi karne ya 20, katika mikono ya Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Ulibeba boriti za mikoko hadi Unguja, ukapotea miaka ya 1930. Nimeunda vyombo vidogo tangu utotoni, nilipokuwa nakata ndara kuukuu kutengeneza vidau, na hakuna chombo kilichonifunza kazi hii kama mtepe.

Tuchukue mtepe wa mita 15, tuupunguze kwa kipimo cha 1 kwa 20. Tunapata chombo cha sentimita 75. Ubao wa unene wa sentimita 4 unakuwa wa milimita 2. Kamba ya milimita 8 inakuwa ya milimita 0.4, na hapo ndipo hesabu inapogongana na maumbile. Uzi mmoja wa usumba, kabla haujasokotwa, una unene wa kama robo milimita. Kwa hiyo huwezi kusokota kamba ya usumba ya kipimo hiki. Uzi mmoja mtupu umeshakaribia kuwa kamba nzima. Wako mafundi wanaoutumia hivyohivyo ili waseme wametumia kitu halisi. Mimi siafikiani nao. Uzi mmoja wa usumba ni mkavu na haufiki hata sentimita 30, kwa hiyo unaishia kufunga mafundo kila baada ya hatua chache, nayo mafundo yanajaza ndani ya chombo. Uzi wa pamba wa nyuzi tatu, uliosokotwa upya kwa mkono na kulowekwa katika maji ya gome la mkandaa, unapata wekundu wa kahawia unaofaa na unakaza vizuri. Hapo tumebadilisha mali ili tuokoe kazi, na kazi ndiyo inayotakiwa kuonekana.

Mti nao una ukaidi wake. Unaweza kupunguza ubao, lakini huwezi kupunguza nyuzi na vinyweleo vyake. Mvule unaopendeza kwenye mlango wa nyumba unaonekana wenye mashimo ukiukata kwa milimita 2. Mpingo ni mgumu mno na hupasuka kwenye tundu. Nimeona mpera na mlimau inafaa kuliko miti mingi ya kifahari: nyuzi zake ni laini, zimebanana, na ubao mwembamba ukifukizwa mvuke unakubali kupinda.

Ubora huo unahitajika kwa sababu ya matundu. Mshono mmoja wa sentimita 60, ukiwa na tundu kila milimita 3, unadai matundu 200 kwenye kila ubao, yaani 400 kwa mshono huo peke yake. Yote yamepangwa kandokando ya ubao kufuata nyuzi za mti, na ubao uliotobolewa hivyo unataka kuchanika kama ukingo wa stempu. Njia inayofanya kazi ni kupaka gundi nyepesi upande wa ndani, kuiacha ikauke, kisha kutoboa kwa keekee ndogo yenye sindano ya kushonea iliyonolewa bapa. Sindano ya moto ni ya haraka zaidi, ila inaacha duara jeusi kuzunguka kila tundu, na duara hilo halitoki.

Utaratibu wa kuunga ndio kiini cha mtepe. Mkuku ulilazwa, mbao zikashonwa moja juu ya nyingine huku vigingi vya mti vikizizuia zisiteleze, na mataruma, yaani mbavu za chombo, yakaingizwa baadaye kuufuata mwili uliokwisha kupata umbo. Fundi wa mfano anashawishika kuyatanguliza mataruma kwa sababu yanampa kitu cha kuegemeza mbao. Akifanya hivyo, anapata mbao zilizonyooka kupita kiasi na tumbo lisilo na uhai, kwa kuwa umbo la mtepe linaamuliwa na jinsi kingo za mbao zilivyokatwa. Ninachopendekeza ni kalibu za muda, tatu au nne, zinazoshikilia mbao wakati wa kushona na kutolewa kabla ya taruma la kwanza kuingia. Kazi inakuwa ndefu zaidi, lakini unaona kwa macho kwa nini omo ile ndefu, inayosemekana kufananishwa na kichwa cha ngamia wa Mtume, iliinuka vile.

Tanga la mtepe lilikuwa la mraba na la mkeka. Hapa sitaki ukali wa kipimo. Ukili wa chane za sentimita 1 ungetaka chane za nusu milimita, na ukindu uliochanwa kwa sindano unashuka hadi milimita 1 kama una subira. Jicho linasamehe chane iliyo pana mara mbili. Lisilosamehe ni mwelekeo: ukili husukwa mshazari, ilhali uzi wa kitambaa huenda sambamba na ukingo. Anayelazimika kutumia kitambaa akikate mshazari. Kitalegea kidogo, na mkeka nao ulilegea.

Baadhi ya wenzangu wanataka mfano uende majini. Ukipunguza chombo kwa 20, eneo la tanga linapungua mara 400 na uzito mara 8,000. Kwa kuwa wenzo wa kila nguvu nao unapungua mara 20, nguvu ya kukilaza inapungua mara 8,000, lakini nguvu ya kukirudisha wima inapungua mara 160,000. Katika upepo uleule mfano ni mwepesi wa kupinduka mara 20 kuliko mtepe wenyewe. Kwa kuwa nguvu ya upepo hufuata mraba wa kasi yake, upepo wa noti 18 kwa chombo kikubwa ni sawa na noti 4 kwa mfano huu. Basi ama uutie farumi ya risasi chini ya mataruma, ama uusubiri upepo mwanana wa alfajiri. Na uuloweke kwanza: mbao zikifura, mshono unabana, ingawa hata mitepe mikubwa ilivuja na mabaharia walifua maji kila safari.

Kwa nini kujitaabisha hivi? Kwa sababu chombo chenyewe hakipo. Makala ya James Hornell ya mwaka 1941 kuhusu mtepe na picha za zamani zinatusaidia, na mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa kwa ajili ya jumba la makumbusho la Beit al Ajaib, Unguja. Mifano iliyomo makumbusho ya Fort Jesus na Lamu ni sehemu ya ushahidi huo, na fundi anayeichungulia ndani, si nje tu, anajifunza mengi ambayo picha haionyeshi. Ndiyo maana ninawaomba wanaohifadhi mifano ya zamani majumbani wasiipige msasa wala vanishi. Alama za kisu na rangi ya uzi ni maelezo. Nanyi mnaounda mipya, andikeni kipimo na majina ya miti chini ya mkuku. Na kama kuna jahazi au mashua inayooza ufukweni karibu nawe, chukua futi na daftari uipime mwezi huu, mbao zikiwa bado zimeshikana.