Damu Iliyochakaa Inavyorudi Kazini

Ukichinja mbuzi Wasso, kaskazini mwa Tanzania, kifuko cha nyongo hutolewa taratibu, maana kikipasuka nyama huharibika kwa uchungu. Ile rangi ya manjano na kijani iliyomo ni masalia ya damu iliyozeeka. Binadamu naye yuko hivyo hivyo.

Seli nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Kadiri inavyozeeka, utando wake hukakamaa. Katika bandama kuna mianya myembamba kuliko seli yenyewe: changa hujikunja ikapenya, kongwe hukwama na kumezwa na makrofaji, seli za kinga zinazokula mabaki. Mwilini kote, seli zipatazo milioni 2 huondolewa kila sekunde.

Baada ya seli kumezwa, hemoglobini yake, yaani dutu inayoipa wekundu, huvunjwavunjwa. Protini ya hemoglobini hurudi kuwa asidi za amino. Chuma hubebwa hadi kwenye uboho kutengenezea seli mpya. Uboho huhitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kwa siku, ilhali chakula huingiza 1 au 2 tu. Karibu chote kingine hutoka kwenye seli zilizokufa. Ndiyo maana mama aliyetokwa na damu nyingi akijifungua huchukua muda mrefu kupata nguvu: damu iliyomwagika nje haipiti tena bandamani.

Kisichorejeshwa katika hemoglobini hiyo hugeuka bilirubini, rangi ya manjano isiyoyeyuka kwenye maji. Ini huiwezesha kuyeyuka, kisha huimwaga pamoja na nyongo utumboni, ambako bakteria huibadili ikakipa choo rangi ya kahawia.

Mtoto mchanga ana seli nyekundu nyingi zenye maisha mafupi, na ini lake halijakomaa. Kwa hiyo bilirubini hujilimbikiza, na zaidi ya nusu ya wachanga hupata manjano, yaani ngozi na macho kuwa ya njano, wiki ya kwanza. Kwenye ngozi nyeusi, muuguzi hubonyeza paji la uso au ncha ya pua, akatazama rangi inayobaki anapoachia, kisha hukagua ufizi na weupe wa macho.

Bilirubini ikizidi mno hudhuru ubongo. Tiba ya kawaida ni taa ya bluu, inayobadili umbo la bilirubini ili itoke bila kulisubiri ini. Wazo hilo lilianzia hospitali ya Rochford, Uingereza, miaka ya 1950, muuguzi Jean Ward alipoona ngozi ya mtoto iliyopigwa na jua imepungua umanjano. Lakini jua halipimiki kama taa, hivyo si mbadala wake. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au mtoto akigoma kunyonya, hata kama boma liko mbali na Wasso, safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo.