Istilahi za Wahusika katika Michezo ya Kuigiza Mezani

Mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huvaa nafsi ya mhusika mmoja, akasema na kutenda kwa niaba yake, na matokeo yakaamuliwa kwa dadu, ulianza kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ilipotoka Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wakati huo mchezaji alikuwa na aina tatu tu za wahusika wa kuchagua: mpiganaji, mtenda sihiri na mtu wa dini. Mwaka 1975 kijitabu cha nyongeza kikamwingiza mwizi. Toleo la 2014 lilikuwa na aina 12, na toleo la 2024 halikupunguza hata moja. Kila nyongeza humletea mtafsiri jina jipya, na majina hayo si mapambo ya kitabu. Mchezo huu huchezwa kwa mdomo, na mchezaji hulazimika kusema mbele ya wenzake, tena na tena, "mimi ni fulani". Istilahi isiyotamkika kwa raha haifai hapa, hata ikiwa sahihi namna gani katika karatasi.

Kipimo chetu basi kitakuwa baraza. Tuseme wachezaji wameketi Kendwa, kaskazini ya Unguja, jirani na Nungwi, mahali ambapo jioni watu wamezoea bao na karata. Je, jina lililopendekezwa litasemwa pale bila kuhitaji maelezo, na bila kumtukana mtu aliyeketi kando?

Wachezaji wa karata wa pwani walikwishakabiliana na tatizo hili zamani, nao walilitatua vizuri kuliko wengi wetu tunaokaa katika kamati. Walipokea karata zenye picha za mfalme, bibi na kijana wa jumba la kifalme. Kamusi ingewapa "mfalme" na "malkia" mara moja. Wao wakasema mzungu wa nne, mzungu wa tatu na mzungu wa pili. Mgeni huona hesabu hiyo haina maana, hasa akitambua kwamba kijana, yaani gulamu, ndiye wa tatu, na bibi yuko chini yake. Lakini katika wahedusitini mfalme huhesabiwa pointi 4, gulamu 3 na bibi 2. Seti, ambayo ni saba ya Wareno, ni 10, na ree ni 11. Kila rangi ina pointi 30, karata zote ni 120, na anayefika 61 ameshinda. Ndipo lilipotoka jina la mchezo. Wachezaji hawakuitafsiri picha; waliita karata kwa kazi inayofanya. Hata neno ree, ambalo kwa Kireno ni mfalme, walilivua kwa mfalme wakalivika karata ya moja, kwa kuwa ndiyo inayotawala meza.

Tukienda na kanuni hiyo, baadhi ya maneno ya kamusi huanguka mara moja. Miongoni mwa wahusika 12 yupo mpiganaji wa nyika, ambaye kamusi zetu, kwa neno la Kiingereza analoitwa, hutoa "mshenzi". Mwalimu hana haja ya kuelezwa historia ya neno hilo katika pwani hii. Lilikuwa jina la mtu wa bara machoni pa waliojiita wastaarabu, na katika enzi ya biashara ya watumwa lilimtambulisha mtu ambaye angeweza kukamatwa na kuuzwa. Kumpa mtoto wa skuli aseme "mimi ni mshenzi" kwa mchezo ni kuliosha neno ambalo halistahili kuoshwa. Tukiuliza mhusika huyu hufanya nini, jibu ni jepesi: hupigana kwa hasira inayompanda na kumwongezea nguvu. Kiswahili husema mtu amepandwa na mori. Basi na aitwe mwenye mori. Vivyo hivyo mwizi wa mwaka 1975, ambaye Wamarekani wenyewe walimbadilisha jina katika toleo la 2000, anafaa kuitwa mjanja, kwa sababu kazi yake ni kunyemelea, kufungua kufuli na kupiga pasipotarajiwa. Kuiba ni hiari yake.

Penye utajiri zaidi ni kwa watenda sihiri. Toleo la 2024 lina watatu wanaotofautiana kwa chanzo cha nguvu zao: mmoja amejifunza vitabuni, wa pili amefanya mapatano na kiumbe mwenye uwezo, wa tatu amezaliwa nayo. Mtafsiri mwenye haraka huwaita wote "mchawi", kisha akahangaika kuwatenga kwa vivumishi. Hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, mchawi kwetu ni mtu anayedhuru wenzake kwa siri; ni neno la kushitakia, na katika baadhi ya sehemu za Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu ya neno hilo. Pili, Unguja haijapata kukosa maneno ya kutenganisha vyanzo. Watu husema yule ni mganga wa kitabu, huyu ni mganga wa pepo. Tofauti ambayo mchezo unaitafuta imo tayari vinywani. Atakayepinga atasema mganga ni mtu wa kuponya, na kwamba serikalini Mganga Mkuu ni daktari. Pingamizi hilo lina uzito, nasi hatungependa mtumishi wa Wizara ya Afya ajikute katika orodha moja na majini. Kwa hiyo twapendekeza neno sihiri lishike kiini: mwenye sihiri ya kitabu, mwenye sihiri ya pepo, mwenye sihiri ya kuzaliwa. Ni marefu kidogo, lakini barazani yatafupishwa kuwa "wa kitabu", "wa pepo" na "wa kuzaliwa", kama wa nne na wa tatu walivyofupishwa.

Kuhusu jina la jumla la aina hizi 12, "darasa" ni la skuli na "tabaka" limekwisha chukuliwa na wanasiasa. Fani inatosha, ijapokuwa walimu wa fasihi watasikia maudhui yakiifuata nyuma.

Linabaki neno zito kuliko yote. Mbali na fani, mchezaji huchagua kama mhusika wake ni binadamu, mbilikimo, au kiumbe mwenye damu ya joka. Kwa miaka mingi chaguo hilo liliitwa kwa neno la Kiingereza ambalo pia ni la kukimbizana, na asiyeujua mchezo huangukia "mbio". Anayeujua huandika "kabila", na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Mnamo Desemba 2022 wachapishaji, Wizards of the Coast, walitangaza kuliacha neno lao, na toleo la 2024 likaleta la elimu ya viumbe. Kwetu sababu ni za karibu zaidi. Sensa ya Zanzibar ya mwaka 1948 iliwagawa watu kwa asili zao, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata mafungu hayo. Baadaye siasa za kuelekea 1963 zikapita katika nyufa hizo hizo. Hatuoni kwa nini mchezo wa watoto uwarudishie swali la "kabila gani?", tena likiwa limefungamanishwa na nani ana nguvu na nani ana akili.

Spishi ni sahihi, lakini ni ya maabara. Kwa kipimo cha kazi, chaguo hili humpa mhusika mwili: kuona gizani, kimo kifupi, pumzi ya moto. Katika toleo la 2024 nyongeza za nguvu na akili zimehamishiwa kwenye maisha aliyoyapitia mhusika kabla ya safari. Kwa hiyo la kwanza liitwe umbile na la pili liitwe malezi. Tunajua kwamba wingi wake, maumbile, una kazi nyingine, na kwamba kichwa cha habari "Maumbile 10" kitaleta kicheko barazani. Mtafsiri aandike "aina 10 za umbile", na katika karatasi ya mhusika, ambapo kila mmoja analo moja tu, tatizo halipo.